Hidaya ilikata barabara ya Kusini: Hela ya dharura inatoka wapi, na nani anailipa?

Mwanzoni mwa Mei 2024, Lindi na Mtwara ziligeuka kisiwa. Mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara sehemu kadhaa wilayani Kilwa, zikiwemo Somanga na Mikereng'ende. Mabasi yakakwama upande huu, malori upande ule. Katikati maji yanapita kwa kasi, mahali ambapo siku moja kabla palikuwa na lami.

TANROADS na wakandarasi wakamwaga mawe na kifusi, magari yakaanza kupita. Serikali ikaahidi madaraja ya kudumu. Fedha zikatafutwa, mikataba ikasainiwa, mitambo ikaingia kazini.

Halafu ikafika Aprili 2025. Kabla madaraja hayajakamilika, maji yakakata tena mawasiliano pale pale Somanga.

Abiria aliyelala ndani ya basi mara mbili kwa sababu ya mto ule ule ana swali fupi: hivi hela haikuwepo?

Ilikuwepo. Tatizo ni aina yake. Ilikuwa hela inayotafutwa baada ya barabara kukatika, na hela ya namna hiyo ina tabia tatu: huchukua muda kufika, huondolewa kwenye kazi nyingine, na mara nyingi ni mkopo.

Haikuwa mara ya kwanza

Ni rahisi kusema Hidaya ilishtua kila mtu kwa sababu vimbunga havifiki Tanzania. Kweli ni nadra, ila si kitu kigeni. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Mvua za El Niño za 1997/98 nazo ziliharibu barabara na madaraja sehemu nyingi za nchi.

Na kabla ya Hidaya kulikuwa na miezi mingi ya mvua. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Hidaya ilikuja siku chache baadaye, ikakuta ardhi imeshiba maji na mito imejaa. Maji hayakuwa na pa kwenda zaidi ya kupanda juu ya barabara.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo watu wengi hawalioni. Barabara ya lami haikatiki kwa sababu lami ni mbovu tu. Mara nyingi hukatika kwa sababu tundu la kupitisha maji ni dogo. Kalavati likizidiwa, maji hujikusanya upande mmoja wa tuta, hupanda, hupita juu na kuanza kula udongo upande wa pili. Ndiyo maana wakati mwingine daraja lenyewe hubaki limesimama, huku tuta la kuingilia likiwa limeondoka lote. Kwa abiria ni yale yale, hapiti.

Kwa hiyo kurudisha barabara ilivyokuwa maana yake ni kurudisha tundu lile lile dogo. Na tundu kubwa lina bei yake.

Mfuko wa kwanza: tozo ya mafuta

Kila anayejaza mafuta Tanzania huchangia barabara. Tozo hiyo huingia kwenye Mfuko wa Barabara, na sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha zake zitumike kwa matengenezo, yakiwemo ya dharura. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA.

Huu ndio mfuko wa kwanza kuguswa. Ni hela ya ndani, haina riba, na kwa kalavati moja lililozibwa au mtaro uliobomoka inatosha.

Tatizo ni ukubwa wa shamba lenyewe. TARURA peke yake ina mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, mwingi wake ukiwa ni wa udongo na changarawe. TANROADS ina zaidi ya kilomita 36,000 za barabara kuu na za mikoa. Mfuko ule ule unatakiwa kuziba mashimo, kufyeka, kuzibua mitaro na kuchonga barabara kila mwaka. Mvua kubwa ikivunja madaraja kwa mpigo mikoa kadhaa, fedha ya matengenezo inahamia kwenye dharura. Mitaro iliyotakiwa kuzibuliwa haizibuliwi. Msimu unaofuata, mitaro hiyo hiyo ndiyo inayosababisha dharura mpya.

Ni sawa na mtu anayekula mbegu. Njaa ya leo inaisha, ila ya mwakani ameshaianzisha mwenyewe.

Kenya inaonyesha upande mwingine wa tatizo hili. Julai 2024, miezi michache baada ya mafuriko makubwa, tozo ya matengenezo ya barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 za Kenya kwa lita. Baadaye shilingi 7 kati ya hizo 25 ziliwekwa rehani kupata fedha za kulipa madeni ya wakandarasi, shilingi bilioni 175. Wakandarasi wana haki ya kulipwa. Lakini tozo iliyowekwa rehani leo haitakuwepo siku daraja litakapoondoka.

Mfuko wa pili: mkopo uliobadilishwa kazi

Kwa uharibifu mkubwa wa 2024, Tanzania iligeukia utaratibu wa dharura wa Benki ya Dunia unaojulikana kwa kifupi kama CERC. Jina hilo limeandikwa sana kwenye taarifa za ujenzi wa madaraja ya Lindi, lakini ni mara chache linaelezwa.

Kwa lugha nyepesi ni hivi. Nchi inapokopa kwa mradi fulani wa maendeleo, ndani ya mkataba huachwa chumba kitupu. Kinaitwa kipengele cha dharura, na mara nyingi kinaanza na sifuri. Janga likitokea, serikali inaomba kukifungua. Fedha ambazo hazijatumika kwenye mradi zinahamishwa kuingia kwenye chumba hicho, na kazi ya dharura inaanza.

Faida yake iko wazi. Hakuna haja ya kuanza kujadili mkopo mpya kutoka mwanzo wakati wananchi wamekatiwa njia. Masharti ya mkopo ni yale yale nafuu yaliyokubaliwa awali.

Lakini chumba kile hakikuwa na hela yake. Kilijazwa kwa kupunguza chumba kingine. Barabara ya kijiji, kivuko au daraja lililokuwa kwenye orodha ya mradi linasogezwa mbele au linapunguzwa, isipokuwa mradi ukijazwa tena kwa fedha mpya. Na deni linabaki pale pale. Kwa maneno mengine, mtu wa wilaya moja amesubirishwa barabara yake ili mtu wa wilaya nyingine apite, na wote wawili watailipa.

Hilo si kosa. Barabara kuu ikikatika ni lazima ifunguliwe kwanza. Malori ya saruji, mafuta, vyakula na wagonjwa wa rufaa hupita hapo, na njia mbadala ya kuzungukia Songea na Masasi ni zaidi ya mara mbili ya umbali. Kosa ni kuhesabu fedha hiyo kama msaada au fedha ya ziada wakati ni uhamisho.

Kuna pia suala la muda. Hata utaratibu wa haraka una hatua zake: tathmini, usanifu, zabuni, mkataba, mitambo kufika eneo la kazi. Katika Pwani ya Kusini, mkandarasi ana miezi michache ya ukavu kabla mvua hazijarudi. Akichelewa kuanza, nguzo na matuta vinakutwa na maji vikiwa nusu. Yaliyotokea Somanga Aprili 2025 yanaonyesha bei ya pengo hilo: madaraja ya kudumu yakiwa yanajengwa, njia ya muda ndiyo iliyobeba mzigo wote, na ndiyo iliyoshindwa.

Mkopo wa kusubiri

Kuna nchi zimechagua kukopa kabla ya janga bila kuchukua hela. Inaonekana kama kichekesho, ila ina mantiki.

Mwaka 2018 Kenya ilisaini na Benki ya Dunia mkopo wa kusubiri wa dola milioni 200. Serikali ilitakiwa kwanza kufanya mageuzi fulani ya kukabili majanga. Baada ya hapo fedha hubaki upande wa benki mpaka kutangazwe janga, ndipo hutolewa moja kwa moja kwenye bajeti. Tofauti na CERC, hapa hakuna mradi mwingine unaonyang'anywa.

Lakini bado ni mkopo. Na kwa kuwa fedha inaingia kwenye bajeti kuu, hakuna kinachoilazimisha kwenda kwenye daraja. Inaweza kwenda kwenye chakula, dawa au mishahara, na yote hayo ni mahitaji halali siku ya mafuriko.

Tanzania nayo, Juni 2024, iliidhinishiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, takriban dola milioni 786 kupitia dirisha la mabadiliko ya tabianchi. Mkopo huo hulipwa kwa miaka 20, na malipo ya deni lenyewe huanza baada ya miaka 10 na nusu. Fedha hizo hutoka kwa awamu kadiri nchi inavyotekeleza mageuzi. Hazikutengwa kujenga daraja la Somanga wala la mahali pengine. Faida yake kwa barabara itaonekana tu kama mageuzi hayo yatabadilisha namna miradi inavyopimwa kabla ya kupitishwa.

Bima: haraka, lakini si nyingi

Oktoba 28, 2025 kimbunga Melissa kiliipiga Jamaica kikiwa na nguvu ya daraja la tano, la juu kabisa. Serikali ya kisiwa hicho ilikuwa imejiandaa kifedha kwa miaka mingi. Ilikuwa na akiba, mikopo ya kusubiri, bima ya pamoja ya nchi za Karibi, na hati fungani ya majanga ya dola milioni 150. Hati hiyo ililipa yote, dola milioni 150 kamili.

Upande wa pili wa daftari, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walikadiria uharibifu wa mali kuwa dola bilioni 8.8.

Ukiweka namba hizo mbili pamoja unaona kazi halisi ya bima. Haijengi nchi upya. Inanunua muda: wiki za mwanzo ambapo serikali ina fedha taslimu za kufungua njia, kukodi mitambo na kulipa vibarua bila kuvunja mradi wa mtu mwingine.

Afrika ina chombo chake, African Risk Capacity, kilichoanzishwa chini ya Umoja wa Afrika mwaka 2012. Madagascar ililipwa na chombo hicho takriban dola milioni 10.7 baada ya kimbunga Batsirai cha 2022.

Kwa Tanzania kuna mtego hapa. Bima hizi hazisubiri mkaguzi kuhesabu madaraja yaliyovunjika. Hulipa kwa kipimo kilichokubaliwa mapema, mfano kasi ya upepo au kiasi cha mvua. Hidaya ilipungua nguvu ya upepo ilipokaribia pwani. Kilichokata barabara ni maji. Nchi ingekuwa imenunua bima ya upepo peke yake, huenda ingelipia kila mwaka halafu siku ya siku ikaambulia patupu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayeuza bima hiyo ni dogo: inapima nini?

Misaada: ahadi na mfukoni ni vitu viwili

Jirani wa kusini, Msumbiji, alishapita njia hii. Kimbunga Idai kilipiga Beira usiku wa Machi 14 kuamkia 15, 2019. Barabara ya N6, inayounganisha bandari ya Beira na Zimbabwe, ilikatwa na mafuriko ingawa ilikuwa imetoka kufanyiwa ukarabati mkubwa kwa mkopo wa China. Mji wa Beira ukabaki bila njia ya nchi kavu kwa siku kadhaa.

Baada ya Idai na kimbunga Kenneth kilichofuata wiki chache baadaye, mahitaji ya kujenga upya yalikadiriwa kuwa dola bilioni 3.2. Wafadhili walikutana Beira wakaahidi takriban dola bilioni 1.2. Hata ahadi zote zingetimia, pengo lilibaki la dola bilioni 2. Aprili mwaka huo huo IMF iliipa nchi hiyo dola milioni 118, nazo zilikuwa mkopo. Nchi iliyokuwa tayari na mzigo mzito wa madeni ikaongeza deni kwa janga ambalo mchango wake katika kulisababisha ni mdogo sana.

Hoja hiyo ndiyo iliyozaa mfuko wa kimataifa wa hasara na uharibifu, uliokubaliwa Misri mwaka 2022 na kuanza rasmi Dubai mwishoni mwa 2023. Ahadi za mwanzo zilikuwa takriban dola milioni 700 kwa nchi zote zinazoendelea duniani. Ukikumbuka kuwa Msumbiji peke yake ilihitaji zaidi ya mara nne ya hizo kwa msimu mmoja, inaeleweka kwa nini hakuna waziri wa fedha anayepanga bajeti ya barabara kwa kutegemea mfuko huo.

Hesabu ya asilimia 3

Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilitoa utafiti kuhusu miundombinu inayohimili majanga. Matokeo mawili yanafaa kukumbukwa. Kwanza, kujenga kwa viwango vya kuhimili huongeza wastani wa takriban asilimia 3 tu ya gharama za uwekezaji. Pili, katika hali ya kati, kila dola 1 inayowekwa huko hurudisha dola 4 kwa kuepuka uharibifu na usumbufu.

Chukua mfano wa daraja la shilingi bilioni 10. Asilimia 3 yake ni shilingi milioni 300. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kalavati la kawaida na lenye midomo mipana, tuta lililojengewa mawe, au nguzo iliyokwenda chini zaidi. Wastani ni wastani. Kwenye bonde baya kama la Kilwa nyongeza inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo, na kwingine ikawa ndogo. Lakini linganisha na kujenga kitu kimoja mara mbili.

Sasa kwa nini haifanyiki kila mahali? Sababu ziko tatu, na wala hazihusu ufundi.

Ya kwanza ni kwamba faida yake haionekani. Daraja lililosimama baada ya mvua haliandikwi gazetini. Lililoanguka linapata waziri, kamera na fedha.

Ya pili ni kipimo. Wahandisi hukadiria mafuriko kwa kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita. Pale vituo vya kupima mvua ni vichache na hali ya hewa inabadilika, ile mvua iliyohesabiwa kuja mara moja kwa miaka 50 inaweza kuja mara mbili ndani ya miaka 10.

Ya tatu ni mgawanyo wa kilomita. Mbunge anaomba kilomita nyingi za lami kwa bajeti iliyopo. Ukiongeza makalavati makubwa, kilomita zinapungua. Hakuna anayepigiwa makofi jukwaani kwa kujenga kilomita 9 imara badala ya 10 dhaifu.

Dar es Salaam kuna mfano wa kufikiri tofauti. Kwa miaka mingi, Barabara ya Morogoro ilifungwa Jangwani kila Mto Msimbazi ulipofurika, na jibu lilikuwa kusubiri maji yapungue na kuondoa tope. Sasa Jangwani linajengwa daraja la juu chini ya mradi wa bonde zima la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 200 mwaka 2022. Umechelewa sana, na nao ni mkopo. Tofauti ni kwamba umekopwa kuzuia, na unashughulikia mto mzima badala ya kushughulikia lami peke yake.

Wale wasiofika kwenye habari

Barabara kuu ikikatika, nchi nzima inajua. Kalavati la kwenda zahanati likiondoka, wanaojua ni mjamzito, dereva wa bodaboda na mtu mwenye magunia yake ya ufuta au korosho.

Barabara hizi za vijijini ndizo zinazoathirika zaidi na mtindo wa kuhamisha fedha. Zikitajwa kwenye mpango, ndizo rahisi kusogezwa. Zikikatika, hazina uzito wa kufungua mkopo wa dharura. Mara nyingi wananchi hufukia wenyewe kwa mawe na magogo, na kivuko hicho cha muda kinageuka cha kudumu.

Kwa hiyo fedha za kujenga upya zinapopangwa, ukubwa wa kiasi peke yake hautoshi kupima. Kuna haja ya kuuliza imetoka kwa nani.

Mambo matatu ya kuangalia

Bajeti ya ujenzi ikisomwa, mwananchi wa kawaida hahitaji kuwa mhandisi ili kujua kama kuna mabadiliko. Vipo vitu vitatu vinavyoonekana kwa macho.

Kwanza, je, kuna fungu la dharura lililotengwa mapema, au fedha ya matengenezo ndiyo itakayohamishwa tena? Fungu lisilokuwepo Julai litatafutwa kwa mkopo Aprili.

Pili, panapojengwa upya, tundu la maji limeongezwa ukubwa? Kama kalavati jipya linafanana na lile lililosombwa, hela imetumika lakini hatari iko pale pale.

Tatu, mkandarasi ameingia eneo la kazi lini? Aliyesaini Juni na kuanza kuchimba Januari ameshaukosa ukavu. Mvua haisubiri hati ya malipo.

Mikopo nafuu itaendelea kuhitajika, bima itakuwa na nafasi yake, na madai ya haki kwa nchi zilizochafua hewa ni halali. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuzibua mtaro Agosti, mwezi ambao jua linawaka, hakuna basi lililokwama, na hakuna anayeuliza habari za Somanga.